Muamala uliokwama ni shilingi ngapi?

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa idara, wahandisi wenzangu, na ninyi ndugu zetu wa fedha na mauzo mlioacha hesabu za kufunga robo mwaka mkaja kukaa nasi: wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Bajeti inapopangwa, kuna swali ambalo wenye fedha hawaachi kuliuliza: kitengo cha programu kimetuletea nini? Mishahara ya wahandisi si midogo. Seva zinalipiwa kwa dola, leseni zinalipiwa kwa dola, na dola ikipanda gharama zinapanda hata kama kazi ni ileile. Mkuu wa mauzo akiulizwa swali hilo anataja mauzo. Mkuu wa usafirishaji anataja tani na kilomita. Sisi tukiulizwa tunataja kazi tulizomaliza: mfumo umehamishwa, toleo jipya limetoka, tiketi mia tatu, yaani maombi ya kazi na marekebisho, zimefungwa. Aliyeuliza anaitikia kwa kichwa, anaandika, kisha anarudi kwenye karatasi yake bila kujua kama fedha ilikwenda mahali pazuri au ilipotea.

Swali lile ni halali. Nasema hivi mbele ya wahandisi wenzangu kwa makusudi, kwa sababu wapo kati yetu wanaoshikilia kwamba kazi ya programu haipimiki, kwamba ni kazi ya akili na anayetaka kuipima haielewi. Sikubaliani nao. Kazi yetu inapimika. Kinachotukwamisha ni kwamba kipimo tunakitafuta kwenye meza ya mhandisi ilhali kiko kwa mteja, na tunaanza kukitafuta kazi ikishakwisha, ilhali kilipaswa kuandikwa kabla mtu hajagusa kibodi.

Niyaanze makosa ya mezani, kwa sababu yana historia ndefu. Mwaka 1982, katika kampuni ya Apple, mameneja wa mradi wa kompyuta ya Lisa waliamua kwamba kila mhandisi ajaze fomu kila wiki kueleza ameandika mistari mingapi ya programu. Bill Atkinson, aliyekuwa akishughulikia uchoraji wa picha kwenye skrini, alikuwa ndiyo kwanza amepata njia fupi zaidi ya kukokotoa maumbo. Kazi iliyokuwa nzito ikawa inakwenda karibu mara sita ya kasi ya mwanzo, na mistari kama 2,000 ikafutwa kwa kuwa haikuhitajika tena. Kwenye fomu akaandika: hasi 2,000. Baada ya wiki chache wakaacha kumdai ile fomu.

Kisa hicho kina zaidi ya miaka arobaini, lakini fomu ile haijafa. Imebadilisha nguo tu. Siku hizi tunahesabu tiketi, tunahesabu mhandisi amepakia kazi yake mara ngapi kwa wiki, tunaangalia nani alikuwa mtandaoni saa tatu usiku. Na sasa kuna programu za akili mnemba zinazoandika mistari elfu moja kabla chai haijapoa. Kampuni itakayoendelea kuhesabu mistari itaona namba nzuri ajabu mwaka huu, na itakuwa haijui lolote kuhusu biashara yake.

Mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, aliliona jambo hili mwaka 1975 akizungumzia sera ya fedha: takwimu iliyokuwa ikitegemewa kueleza hali ya uchumi huacha kueleza mara tu watawala wanapoitumia kama usukani. Kwetu ni hivyohivyo. Mlipe mhandisi kwa tiketi, atagawa tiketi moja iwe nne. Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba yule mzoefu, ambaye zamani alikuwa anainuka kwenda kukaa na kijana aliyekwama kwa nusu siku, hatainuka tena. Nusu siku ile haimwingizii tiketi hata moja. Mmeua kitu ambacho hakikuwa kwenye ripoti, na hamtajua kwamba kimekufa mpaka miezi sita baadaye, pale mfumo unapoanguka na hakuna mwingine anayeujua. Kwa hiyo naomba tukubaliane mapema: tunapima kazi na matokeo yake. Hatupimi mtu mmojammoja kwa namba.

Sasa twende kwa mteja. Nitachukua kitu kimoja ambacho kila aliyemo humu ndani amekutana nacho: malipo ya simu yaliyokwama.

Mama ananunua unga na mafuta kwenye duka la mtandaoni. Anachagua kulipa kwa simu. Ujumbe unamjia, anaweka namba ya siri, pesa inakatwa. Mtandao wa simu unatuma jibu kwenye seva ya duka: huyu amelipa. Hapo ndipo pana shida. Seva ya duka ikiwa imeelemewa, au mawasiliano yakikatika kwa sekunde kumi tu, jibu lile halipokelewi. Salio la mama limepungua, lakini kwenye skrini ya duka oda yake inasomeka “inasubiri malipo”. Mama anangoja. Anajaribu tena, pengine anakatwa mara ya pili. Anapiga simu huduma kwa wateja, anaambiwa atume picha ya ujumbe. Kesho yake asubuhi mhasibu anafungua taarifa ya mtandao wa simu upande mmoja na taarifa ya duka upande wa pili, anaanza kulinganisha mstari kwa mstari kutafuta pesa isiyo na mwenyewe.

Mhandisi anajua dawa yake. Duka lisikae kungoja jibu, lenyewe liulize mtandao wa simu kila baada ya muda mfupi, “muamala huu umefikia wapi?” Na kila oda ipewe namba yake ya pekee, ili ombi likirudiwa mara tano mteja akatwe mara moja tu. Ni kazi ya wahandisi wawili kwa wiki kadhaa. Kwenye ripoti zetu za kawaida itaandikwa: “Tumeboresha mawasiliano ya mfumo wa malipo.” Hakuna mkurugenzi duniani atakayeijali sentensi hiyo, na sitamlaumu.

Tuiandike upya, kwa namba za kufikirika ili tuone hesabu inavyokwenda. Tuseme duka linapata miamala 10,000 kwa siku, na katika kila 100, mitatu inakwama. Hiyo ni miamala 300. Tuseme nusu ya hao wanakata tamaa na kughairi: wateja 150. Kila oda ni shilingi 20,000. Mhandisi mwenye haraka atapiga hesabu: 150 mara 20,000, tunapoteza milioni 3 kwa siku! Atapeleka namba hiyo kwa mhasibu, na mhasibu ataikataa, na atakuwa amefanya vema. Mauzo si faida. Kama duka linabaki na asilimia 10 baada ya kulipa gharama ya bidhaa, kinachopotea ni shilingi 300,000 kwa siku, yaani milioni 9 kwa mwezi. Tena si wote 150 wamepotea. Wengine watarudi kesho yake kununua kitu kilekile. Kwa hiyo tuandike kwamba hasara iko kati ya milioni 5 na milioni 9. Namba yenye upana huo inaaminika zaidi kuliko namba moja iliyonyooka, na mtu wa fedha anaijua lugha hiyo kuliko sisi.

Halafu kuna upande wa pili ambao wahandisi huwa tunausahau kabisa. Wateja 300 wakipiga simu, na kila simu ikachukua dakika sita, hizo ni saa 30 kila siku. Ni karibu wafanyakazi wanne wanaoshinda kutwa nzima wakijibu swali moja: “Pesa yangu iko wapi?” Ongeza asubuhi za mhasibu. Sasa weka hayo yote pembeni ya mishahara ya wahandisi wawili kwa wiki hizo, na sentensi imekuwa nyingine: “Kazi hii itagharimu kiasi hiki mara moja, itarudisha kati ya milioni 5 na 9 kwa mwezi, na itawaachia watu wanne wa dawati la simu nafasi ya kufanya jambo jingine.” Hiyo ni sentensi ambayo mkurugenzi anaweza kuikubali au kuikataa kwa akili zake zote.

Tazameni kilichofanyika. Hatukuongeza ufundi wowote. Tulifuata njia kutoka kwenye programu hadi kwenye mfumo, kutoka kwenye mfumo hadi kwa kile anachofanya mteja, na kutoka kwa mteja hadi kwenye daftari la hesabu. Kiungo cha tatu, kile cha mteja, ndicho tunachokiruka siku zote. Tunatoka kwenye “seva inajibu haraka” tukaruka moja kwa moja hadi “kampuni imepata faida,” na kwa kuwa katikati hapana kitu, hatuaminiki.

Baada ya kazi kukamilika, bado lazima tuthibitishe. Njia iliyo bora ni kuwapa nusu ya wateja mfumo mpya na kuwaacha nusu nyingine kwenye wa zamani, siku zilezile, kisha kulinganisha. Kama wateja ni wachache na haiwezekani, linganisheni kabla na baada, lakini kwa uangalifu. Desemba si Februari. Wiki ya mishahara si wiki ya tarehe 15. Mwezi wa Ramadhani watu wananunua kwa namna nyingine, na Januari pesa yote imekwenda kwenye ada za shule. Ukitoa toleo jipya wiki moja kabla ya Idd ukasema mauzo yamepanda kwa sababu yako, unajipa sifa ya mwezi mwandamo. Ndiyo maana napenda uwiano: katika kila miamala 100, mingapi imekwama? Uwiano huo haubebwi na msimu kama yanavyobebwa mauzo.

Kwa nini nasisitiza uthibitisho? Kwa sababu sisi watu wa kazi hii hatujui mapema kama wazo litafaa, hata tuwe wazoefu kiasi gani. Ron Kohavi, aliyesimamia majaribio ya aina hii Microsoft, alieleza kwamba katika mawazo waliyoyapima pale, karibu theluthi moja tu ndiyo yaliyoboresha kile yaliyokusudiwa kuboresha. Theluthi nyingine hayakuleta tofauti, na theluthi iliyobaki yaliharibu. Na hayo ni mawazo yaliyopitishwa na watu makini, yakaandikwa na wahandisi wazuri. Kama theluthi mbili ya kazi za kampuni ile haikuleta faida iliyotarajiwa, sisi tusiopima tunapata wapi ujasiri wa kudai kwamba kila tulichokijenga ni cha thamani?

Na kinyume chake ni kweli pia. Mwaka 2012, mfanyakazi mmoja wa Bing, huduma ya Microsoft ya kutafuta taarifa mtandaoni, alipendekeza kichwa cha tangazo kirefushwe kwa kukiunganisha na mstari wa maandishi ulio chini yake. Wazo likawekwa kando zaidi ya miezi sita kwa sababu lilionekana dogo. Mhandisi mmoja akaona ni kazi ya siku chache tu, akaiandika na kuipima. Ndani ya saa chache mitambo ikapiga kengele ya tahadhari kwamba mapato yamepanda kupita kawaida, kiasi cha kudhaniwa kuna hitilafu. Hapakuwa na hitilafu. Mapato yalikuwa yamepanda kwa asilimia 12, sawa na zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa Marekani peke yake. Kwa fomu ya Lisa, mhandisi yule angeandika mistari michache sana wiki hiyo.

Sasa nije nyumbani, kwa jambo tunalolijua wote. Vodafone na Safaricom walipoijaribu M-Pesa Kenya mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho yao kwa simu. Jaribio likiendelea, ikaonekana watu wanatumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwa wakala wa mji mmoja, wakasafiri, wakaitoa mji mwingine, ili wasibebe noti mfukoni njiani. Upande wa marejesho ulikuwa na taabu zake, kwa sababu kuoanisha mfumo mpya na taratibu za taasisi ya mikopo hakukuwa rahisi. Laiti wangetazama marejesho peke yake, ripoti ingekuwa ya mradi uliosuasua. Lakini waliangalia wateja wanafanya nini hasa. Machi 2007 huduma ikazinduliwa Kenya kwa ahadi ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2008 ikaingia hapa kwetu Tanzania. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, M-Pesa iliiingizia Safaricom zaidi ya shilingi bilioni 117 za Kenya, kuliko mapato ya watu kupiga simu.

Je, katika bilioni hizo, za wahandisi ni ngapi? Nimeulizwa swali la namna hii mara nyingi, na naamini limekaa vibaya. Bila wakala wa mtaani mwenye pesa taslimu, hakuna M-Pesa. Bila Benki Kuu kuiruhusu iendelee, hakuna M-Pesa. Bila programu, hakuna M-Pesa. Ni hesabu ya kuzidisha: weka sifuri mahali popote, jibu ni sifuri. Hesabu kama hiyo huwezi kuigawa ukasema hiki ni cha huyu, kile ni cha yule, na idara zinazogombania mgawo huo zinapoteza muda wa kampuni. Swali linalojibika ni la tofauti: hali ilikuwa hivi, tukabadilisha jambo moja, imekuwaje? Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya. Kazi kama hiyo unaweza kuipima: muamala ulichukua sekunde ngapi kabla, na ngapi baada, mfumo ulibeba miamala mingapi kwa sekunde, ulisimama mara ngapi.

Najua kuna mhandisi hapa anayejiuliza: na mimi ninayekarabati mifumo ya zamani? Sileti mteja mpya, siongezi mauzo, nafuta takataka tu. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilikuwa imeweka toleo jipya kwenye seva zake nane. Moja ikasahaulika. Ndani ya seva hiyo kulikuwa na kipande cha programu ya zamani kisichotumika tangu 2003, ambacho hakuna aliyekifuta, na toleo jipya lilikuwa limetumia tena swichi ileile iliyokiwasha zamani. Soko lilipofunguliwa, seva ile ikaanza kununua na kuuza yenyewe, kwa dakika 45. Hasara ilizidi dola milioni 440. Mwaka uliofuata kampuni haikuwepo tena kwa jina lake peke yake. Ilikuwa imeunganishwa na nyingine.

Kufuta kipande kile kulikuwa kazi ndogo. Ukarabati hupimwa kwa hasara unayoizuia, na namba zake mnazo tayari. Fungueni kumbukumbu za mwaka jana mhesabu saa ambazo mfumo ulisimama. Muulizeni mtu wa mauzo: mfumo wa malipo ukisimama Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni, kila dakika sitini za kusimama zinatupotezea faida ya shilingi ngapi? Mkishajua, ukarabati unapata bei.

Kuhusu vile vipimo vinne vya kazi ya programu ambavyo timu ya mtafiti Nicole Forsgren ilivisambaza duniani, yaani tunatoa matoleo mara ngapi, badiliko linachukua muda gani kumfikia mteja, mangapi yanaharibika, na tunachukua muda gani kurejesha huduma: vitumieni. Ni vizuri, vinaonyesha afya ya karakana. Lakini karakana yenye afya inaweza kutoa matoleo kumi kwa siku ya kitu ambacho hakuna anayekihitaji. Visichukue nafasi ya mteja.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kila kazi inayozidi wiki mbili iandikiwe karatasi moja kabla haijaanza. Nani atafanya nini tofauti, kwa kiasi gani, hadi tarehe ipi, na tukiona nini tutaiacha. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalolipigania zaidi. Kama theluthi mbili ya mawazo hayaleti faida, basi uwezo wa kuacha jambo mapema ni fedha taslimu. Timu iliyofuta kitu baada ya wiki tatu kwa sababu namba zimekataa ipongezwe mbele ya watu, kama inavyopongezwa timu iliyozindua. Karatasi hiyo isainiwe na mhandisi pamoja na mtu wa fedha, ili siku ya matokeo pasiwe na ubishi kuhusu hesabu.

La pili ni kwenu ndugu zetu wa fedha. Wahandisi wengi hawajawahi kuiona taarifa ya mapato ya kampuni wanayoijengea mifumo. Hawajui faida inayobaki kwenye oda moja. Hawajui mteja mpya anagharimu kiasi gani kumpata, wala simu moja ya malalamiko inagharimu nini. Mnawadai wafikirie biashara huku namba za biashara zimefungiwa kabatini. Wapeni. Si mishahara ya watu wala siri za wateja. Faida ya bidhaa, gharama ya dawati la simu, na saa ambazo wahasibu wanazitumia kulinganisha taarifa. Na siku ya kufunga mwezi, mhandisi mmoja aje akae na mhasibu anapotafuta zile pesa zisizo na mwenyewe, aione kazi hiyo kwa macho yake, mstari kwa mstari.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa mhasibu.